Kipande cha kwanza cha mkate wa Bonane

Mwaka huu, kwenye mkate wetu wa Bonane, yaani Mwaka Mpya, sarafu tunayoificha ndani ilimwangukia binti wa mdogo wangu, mtoto wa miaka 6. Alitafuna, akasita, akaitoa mdomoni, akaipangusa kwenye gauni lake jipya la Bonane na kunionyesha kiganjani.

"Mama mukubwa, hii ni kifungo ya nguo gani?"

Tulicheka, tukapiga makofi. Lakini swali lake lilikuwa la haki. Hapa Lubumbashi, kama Kongo nzima, hatutumii sarafu. Pesa yetu ni noti peke yake, hata ile ndogo ambayo muuzaji anaipokea kwa kununa. Mtoto wa kwetu anaweza kumaliza shule ya msingi bila kugusa pesa ya chuma. Watoto wa ukoo wetu wanaijua moja tu, nayo hutoka ndani ya mkate.

Ndipo shemeji yangu, baba ya huyo mtoto, akaongea. Hakuongea kwa ubaya. Ni mtu mpole, mwenye kupenda kujua mambo.

"Munajua hii ni desturi ya Wagiriki? Niliiona kwenye simu. Mukate, sarafu ndani, tarehe moja ya Januari. Wanakata hivihivi."

Mwanangu wa kwanza, wa miaka 17, ambaye siku hizi mambo ya wazee yanampita kushoto, aliinua kichwa.

"Kumbe ni ya wazungu?"

Kumbe.

Neno hilo moja limenikaa rohoni wiki tano.

## Machungwa katika msimu wa maembe

Ningeweza kumjibu kijana pale pale. Ningesema Nkambo, baba wa baba yangu, alikuwa mpishi kwa Wagiriki katikati ya mji, toka 1954 mpaka 1974. Hilo halikuwa siri. Kila mtu nyumbani alijua Nkambo alipikia Wagiriki, kama watu wanavyojua jirani alikuwa dereva au fundi wa reli. Ila sikuwahi kuyaweka mawili hayo pamoja: kazi yake, na mkate wetu. Kwangu kazi ilikuwa kazi, na mkate ulikuwa sisi.

Niliwahi kumsaidia binti yangu kazi ya shule kuhusu "mila ya familia yetu". Yeye alikuwa anaandika, mimi nasimulia. Tuliandika kwamba mkate wenye sarafu umetoka kwa mababu. Mwalimu alimpa alama nzuri.

Na ishara zilikuwepo, mimi ndiye sikutaka kuziona. Chukua machungwa. Mkate wetu hutiwa ganda la machungwa matatu, lililoparuzwa laini mpaka vidole vinanukia siku mbili. Mwezi wa Desemba! Kila Mlushwa, mtu wa Lubumbashi, anajua Desemba ni mvua na maembe. Maembe yanaanguka mpaka yanaoza chini ya miti, na chungwa ukilipata soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, linatoka mbali na bei yake inauma. Mama yangu alipoolewa katika nyumba ile alipendekeza watie embe. Nkambo alikataa. Hakueleza. Alitoka mwenyewe akazunguka mji mpaka akapata machungwa matatu.

Sasa najua. Ugiriki Desemba ni baridi, na baridi ndiyo msimu wa machungwa. Yule mzee alikuwa anapika kwa kalenda ya nchi ambayo hajawahi kuikanyaga.

Nilipoelewa hilo niliketi kitandani nikiwa na simu mkononi, na kwa kweli nililia kidogo. Sijui nililia nini. Labda niliona aibu kwamba kwa miaka mingi niliona machungwa yale kuwa ukaidi wa mzee.

## Tanuri la kichuguu

Ngoja nieleze huo mkate ulikuwaje, kwa sababu wadogo zangu wa mwisho hawakuuona ulivyokuwa kwanza.

Kiwanja cha Nkambo kilikuwa Katuba, mtaa mwingine wa Lubumbashi, na nyuma ya nyumba kulikuwa na kichuguu. Wa huku Katanga hawahitaji kuelezwa: vichuguu vyetu si vile vifupi vya kuruka kwa mguu, ni vilima, vingine vinazidi paa la nyumba. Nkambo alichimba tanuri ubavuni mwake. Mdomo ulikuwa mdogo, tumbo pana, na juu tundu la moshi la kuzibwa kwa jiwe. Udongo wa mchwa ukishika moto hauachi upesi. Wazee wa nchi hii waliyeyusha shaba katika matanuru ya udongo huohuo, kabla mzungu hajafika na reli yake mwaka 1910. Nkambo hakuwa mtu wa kueleza historia, lakini udongo alikuwa anaujua.

Kuni ziliwaka ndani tangu asubuhi, mpaka kuta zilizokuwa nyeusi kwa masizi zikageuka nyeupe. Hapo ndipo alikokota majivu nje, akafagia kwa tawi bichi, akarusha unga kidogo ndani. Unga ukiwa mweusi mara moja, tunangoja. Ukigeuka rangi ya chai polepole, tunaingiza. Mlango ulikuwa kipande cha bati, na pembeni anapaka tope ili pumzi isitoke.

"Usifungue. Utaua mukate."

Niliambiwa hivyo kila mwaka, na kila mwaka nilitamani kufungua.

Mwaka 1991, baada ya uporaji wa Oktoba, unga wa ngano haukuonekana. Nilikuwa na miaka 13. Nilidhani basi, mwaka huu hakuna. Nkambo akachukua unga wa bukari, yaani wa mahindi, akachanganya na wa muhogo, akakanda kama kawaida. Donge la mahindi haliumuki, kila mpishi anajua hilo, na yeye alijua kuliko wote. Mkate ulitoka bapa, umepasuka kama njia kavu ya Juni, na katika ufa mmoja sarafu ilikuwa inaonekana wazi. Tuliiona wote kabla ya kukata. Hakuna aliyesema. Tulikata, kila mtu akapokea kipande chake, na mdogo wangu aliyeangukiwa na kile chenye sarafu akaruka kwa furaha kana kwamba hakuwa ameiona.

Nkambo alifariki 1996. Baada ya mwaka kichuguu kikavunjwa, kikafyatuliwa matofali, na baba mdogo akajenga vyumba viwili. Tanuri sasa ni ukuta. Mimi ninapika kwenye sufuria: chini mchanga mkavu, juu ya mchanga sinia, kifuniko kizito, na makala, yaani makaa, ya moto juu ya kifuniko kama yalivyo chini kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Niko na jiko la umeme, lakini mkate wa Bonane siwezi kuukabidhi umeme wa Desemba. Unga kilo mbili, mayai sita, sukari, margarini, maziwa ya unga, levire (hamira), na yale machungwa matatu. Hautoki kama wa kichuguu. Chini unashika rangi haraka mno, na ule ukoko mgumu uliokuwa unalia ukivunjwa sijaupata tena.

Sarafu ni ileile. Franka 5 za Katanga, za mwaka 1961, upande mmoja ndizi, upande mwingine ule msalaba wa shaba wa kwetu. Ilikuwa pesa ya Katanga iliyojitenga na Kongo, nchi iliyodumu toka Julai 1960 mpaka Januari 1963. Nkambo alianza kuitia mkateni wakati ilikuwa hainunui hata kiberiti. Naisugua kwa ndimu, naichemsha, naisukuma ndani ya donge kutokea chini, bila shahidi.

## Mpangilio wa vipande

Usiku mmoja nikaamua kusoma mpaka mwisho. Nilitaka kujua ni kiasi gani cha mambo yetu si chetu.

Ni kingi.

Wagiriki wanauita mkate huo vasilopita, mkate wa Basili. Basili alikuwa askofu wa Kaisaria, mji ambao leo uko Uturuki, na alikufa tarehe 1 Januari 379. Wanasimulia kwamba watu wa mji walikusanya dhahabu na vito vyao ili kulipa mtawala aliyewabana. Hatari ilipopita, hakuna aliyejua kipi ni cha nani, na Basili akaagiza vifichwe ndani ya mikate, ikagawiwa. Kila mmoja, wanasema, alikuta chake. Ni hadithi, lakini ni nzuri.

Kisha nikafika kwenye namna ya kukata, na mwili ukanisisimka. Baba wa nyumba anachora msalaba kwa kisu juu ya mkate. Nkambo alifanya hivyo. Anataja jina kabla ya kila kipande. Nkambo alifanya hivyo. Kipande cha kwanza ni cha Kristo, kisha Bikira Maria, kisha cha nyumba yenyewe, kisha watu kuanzia mkubwa mpaka mdogo, hata aliye safarini anawekewa chake. Na mara nyingi kuna kimoja cha maskini, au cha mgeni yeyote atakayebisha hodi.

Nikasoma mara mbili. Kisha nikahesabu vyetu kwa vidole.

Kwetu kipande cha kwanza si cha Kristo.

Kipande cha kwanza ni cha aliye jikoni.

Nkambo alikata, akasema "Cha jikoni," akainuka mwenyewe na sahani, akatoka nje kwa aliyekuwa bado kwenye moto: bibi yetu, au mama, au shangazi anayegeuza kuku. Alisimama pale mpaka ameonja. Ndipo alirudi mezani kutaja Yesu na wengine. Sisi watoto tulikaa mikono juu ya mapaja, mate yakitujaa, tukingoja mtu wa jikoni aume. Maisha yangu yote nilidhani ni adabu tu, kama kunawisha wageni mikono.

## Baba na shangazi

Baba ana miaka 75. Nilimkuta chini ya mti, redio sikioni.

"Baba, kule kwa Wagiriki, Nkambo alikuwa anakatiwa kipande?"

Alizima redio. "Hapana."

"Hata kimoja?"

"Alipika ule mukate miaka 20. Walitaja mpaka mtoto aliyekuwa Ulaya. Yeye hawakumutaja."

Akawasha redio tena. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na nilikuwa nimeshamaliza makala hii kichwani: Nkambo aliyenyimwa, Nkambo aliyejibu. Ilikuwa imekaa sawa kabisa.

Lakini shangazi yuko Likasi, na yeye ndiye kifungua mimba. Kilomita 120 si mbali. Jumamosi nikapanda gari.

Alinisikiliza huku anachambua lengalenga, mboga ya mchicha. Kisha akatikisa kichwa.

"Baba yako alikuwa mudogo, hajui. Alipewa. Kila mwaka. Madamu alikifunga kwenye kitambaa safi, akamupa pale mulangoni ya jikoni. Alikuwa anarudi usiku sana, anatuamusha siye wakubwa. Baba yako alikuwa amelala. Asubuhi mukate umeisha."

"Na yeye? Alikuwa anakula?"

Mikono yake ilisimama juu ya majani.

"Hapana. Hata siku moja. Nilimuuliza, tata, mbona haukule? Akasema ameshiba."

Nilikaa na neno hilo njia nzima ya kurudi. Mtu aliyesimama tangu alfajiri akikanda, akapika, akaosha vyombo vya watu wengine, akatembea na kitambaa chenye mkate mpaka Katuba usiku, kisha ameshiba.

Shangazi aliniambia na mwisho wake. Novemba 30, 1973, serikali ilitangaza kwamba biashara za wageni zinakwenda mikononi mwa wananchi. Duka la wale Wagiriki likachukuliwa, na mwaka uliofuata wakaondoka. Walimwachia masinia mawili ya duara. Bonane ya 1975 ndiyo ya kwanza Nkambo kupika mkate ule kwake, katika kichuguu, kwa watu wake. Shangazi alikuja na watoto wake kutoka Likasi. Anakumbuka kwamba bibi alikuwa nje na sufuria ya mchele, na kwamba aliposogezewa sahani alidhani anaambiwa aongeze chumvi.

Nilimpelekea baba habari ya kile kitambaa. Alinyamaza muda mrefu.

"Kwa hiyo mulikula bila miye," akasema. Si mimi aliyekuwa anamwambia.

## Alikuwa anaiga?

Kaka yangu yuko Kolwezi. Nilipomweleza alijibu kwa sauti ya simu ya dakika nne: mzee alikuwa anaiga mabwana zake, ndivyo wengi wa wakati ule walivyofanya, tusipambe. Nimeisikiliza mara nyingi. Siwezi kuitupa. Nkambo alipenda sahani zilingane, alipenda kitambaa cha meza kipigwe pasi, na alituambia tusiongee na chakula mdomoni kwa sauti ambayo hakika aliisikia katika nyumba isiyo yake.

Ila mtu anayeiga tu hagusi kichwa cha jambo. Yeye alimtanguliza wa jikoni mbele ya Kristo, na alikuwa mkristo wa kusali kila asubuhi. Hilo halikumponyoka.

Siku nyingine nafikiri sote tunatafuta mbali. Alikuwa mwokaji hodari. Mkate ule ndio ulikuwa kazi yake bora kuliko zote, na alitaka watoto wake waule ukiwa wa moto, si baridi ndani ya kitambaa usiku wa manane. Labda ni hilo tu. Likiwa ni hilo tu, bado linanitosha.

Mwanangu nilimwambia yote, la baba na la shangazi na la kaka. Alisikiliza bila simu. Hakuuliza tena ni ya nani. Aliuliza jambo lingine, na ndilo lililonileta kuandika.

"Mama, mwaka huu kipande cha jikoni ulimupa nani?"

## Sahani juu ya kabati

Nilijipa mimi.

Kwa miaka mingi nimefanya hivyo. Mimi ndiye ninayepika mkate, kwa hiyo nimesema aliye jikoni ni mimi. Nakata, nasema "Cha jikoni," wanacheka, naweka sahani juu ya kabati, nakula baadaye wageni wakiondoka. Hakuna anayengoja mikono juu ya mapaja.

Na siku ile ya Bonane, wakati mtoto wa miaka 6 anauliza kuhusu kifungo, nyuma ya nyumba chini ya bati, mvua ikinyesha, alikuwepo binti anayenisaidia kazi. Ana miaka 22. Yeye ndiye aliyebadilisha makala juu ya kifuniko tangu saa kumi na moja alfajiri, na alama ya moto ilikuwa bado mpya kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia. Alikuwa anakaanga kuku wetu. Mkate aliukuta jioni, kwenye sinia, kile kilichobaki.

Nimefanya naye kazi miaka mitatu. Sijawahi kumnyima chakula, na hilo ndilo nililokuwa najiambia kila mara.

Jumapili iliyopita sikungoja Bonane. Nilinunua machungwa matatu, nikakanda, nikaisukuma sarafu chini ya donge. Watoto walishangaa: mkate, Februari? Nilimwita na baba yangu. Nikachora msalaba kwa kisu, nikakata, nikasema "Cha jikoni," nikainuka na sahani. Nyuma yangu meza ilinyamaza. Nadhani baba aliweka mikono juu ya mapaja, na wengine wakamfuata.

Yule binti alikuwa amechuchumaa mbele ya mbabula, anapepea makala. Aliponiona na sahani ya sebuleni alisimama haraka, akapangusa mikono kwenye kitenge, akatazama mlango nyuma yangu kama mtu anayetafuta alichokosea.

"Hiki ni chako. Cha kwanza. Tunakungoja uonje."

Alikitazama kile kipande. Kisha akatabasamu kwa heshima, akainamisha kichwa.

"Aksanti, Mama. Nimeshiba."

Sikujua la kusema. Kulikuwa na kigoda kimoja tu pale, chake. Niliweka sahani juu ya kigoda, nikachuchumaa upande wa pili wa mbabula, nikachukua kipepeo.